Akiba, Pensheni na Masoko ya Mitaji Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kwa Mtafiti wa Sera za Uchumi

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa watumishi wa umma, wafanyakazi wa kampuni binafsi, wafanyabiashara waliojiajiri na wanafunzi wa uchumi, ambao huuliza mambo yaleyale kwa maneno tofauti. Pale jibu moja linapotegemea jingine, msomaji ameelekezwa aliangalie hilo jingine.

## Misingi

Mtafiti wa sera za uchumi anachunguza nini hasa katika akiba, pensheni na masoko ya mitaji?

Kwa ufupi, anafuatilia safari ya shilingi iliyowekwa kando: ametenga nani, itakaa kwa muda gani, itatumiwa na nani wakati mwenyewe akiisubiri, na hasara ikitokea itambebesha nani mzigo. Vyanzo vyake ni sheria na kanuni zinazochapishwa katika Gazeti la Serikali, hesabu za mifuko zilizokaguliwa, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, taarifa za uchumi za Benki Kuu ya Tanzania na tafiti za kaya kama FinScope. Si mshauri wa uwekezaji wa mtu mmoja mmoja, na hana hisa za kukuuzia.

Kwa nini mambo haya matatu yachunguzwe pamoja?

Kwa sababu fedha ni zilezile. Mchango unaokatwa kwenye mshahara wa mwalimu mwishoni mwa mwezi huingia mfuko wa pensheni, mfuko hununua hatifungani ya serikali (hati ya kuikopesha serikali kwa muda maalumu na kwa riba) au hisa za benki, na miaka 20 baadaye mwalimu huyo hulipwa kutokana na riba, gawio na michango ya walimu vijana. Anayejadili pensheni bila kuuliza fedha zimewekezwa wapi anajadili nusu ya jambo. Vivyo hivyo, anayelalamika kwamba soko la hisa la Dar es Salaam limepoa bila kutazama mifuko ya pensheni anawasahau wanunuzi wakubwa zaidi waliopo nchini.

Je, ni kweli kwamba Watanzania hawana utamaduni wa kuweka akiba?

Si kweli, na sera zilizojengwa juu ya dhana hiyo zimepoteza muda mwingi katika kampeni za kuhimiza watu wafanye jambo ambalo tayari wanalifanya. Watu hucheza upatu, huweka kwenye vikoba, hununua ng'ombe, hukusanya matofali kidogo kidogo na kufungia mahindi ghalani wakingoja bei ipande. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya watu wazima walikuwa wakitumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na simu.

Tatizo liko kwenye umri wa akiba. Kikoba kingi huvunjwa kila mwaka, mara nyingi Desemba, wanachama wakagawana kilichopatikana na kuanza upya Januari. Huo ni utaratibu wa busara kwa wanaohusika, kwa kuwa hauruhusu deni kuota mizizi wala mhasibu kuzoea fedha za wenzake. Lakini shilingi inayoishi miezi 12 haiwezi kugharamia mradi wa maji unaohitaji miaka 10 wala kumlisha mtu atakapofika miaka 75. Kwa hiyo swali ninaloliona kuwa la msingi kwa mtunga sera ni hili: masharti gani, na uaminifu wa namna gani, vitamfanya mtu akubali kuiacha fedha yake kwa miaka 20?

Fedha zilizo benki zina kinga gani?

Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5 iwapo benki itafungwa, na kiwango hicho kinawatosha wateja walio wengi. Kinga hiyo haivihusu vikoba, vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja wala hisa.

## Pensheni

Sasa kuna mifuko mingapi, na nani anachangia kiasi gani?

Tanzania Bara ina mifuko miwili. Hadi katikati ya mwaka 2018 ilikuwa mitano, ndipo sheria ilipounganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018. NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ilibaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Yenyewe ilianza mwaka 1964 kama mfuko wa akiba ya wafanyakazi, na ikawa mfuko wa pensheni kwa sheria ya mwaka 1997.

Mchango wa jumla ni asilimia 20 ya mshahara kote kuwili, ila mgawanyo unatofautiana kidogo: mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 na mwajiri wake huongeza 15, wakati NSSF kwa kawaida kila upande hutoa 10. Kuhusu Zanzibar, tazama sehemu ya mwisho.

Kikokotoo kinafanyaje kazi?

Kikokotoo ni kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Kina namba tatu, na ni vizuri kuzitenganisha. Ya kwanza ni kigawanyo, ambacho sasa ni 580: miezi uliyochangia hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka, na jibu ni pensheni kamili ya mwaka. Ya pili ni asilimia ya pensheni hiyo inayogeuzwa kuwa malipo ya mkupuo. Ya tatu ni kizidishio, ambacho ni 12.5, kinachotumika kuigeuza sehemu hiyo kuwa fedha taslimu. Sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi hadi kufa.

Mfano: mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30. Pensheni yake kamili ni shilingi 7,448,276 kwa mwaka. Ikiwa asilimia 33 inageuzwa kuwa mkupuo, atapata shilingi 30,724,138 mkononi na shilingi 415,862 kila mwezi.

Kwa nini jambo hili lilizua mgogoro mkubwa hivyo mwaka 2018?

Waliokuwa wanachama wa PSPF na LAPF walikuwa na masharti mengine: kigawanyo 540, kizidishio 15.5 na mkupuo wa nusu ya pensheni. Kanuni za mwaka 2018 ziliwashusha hadi mkupuo wa asilimia 25. Vyama vya wafanyakazi vikapinga, na Desemba mwaka huo Rais John Magufuli akaagiza kanuni za zamani ziendelee kutumika katika kipindi cha mpito. Kikokotoo cha pamoja cha asilimia 33 kilianza Julai 2022.

Mabishano ya hadharani yalihusu asilimia peke yake, na hapo ndipo nadhani wengi walikosa kiini. Mtumishi wa mfano wetu, kwa masharti ya zamani na mshahara uleule, angepata mkupuo wa shilingi 62,000,000 na pensheni ya shilingi 333,333 kwa mwezi. Kwa masharti ya 2022 mkupuo umepungua kwa zaidi ya shilingi milioni 31, na pensheni ya mwezi imeongezeka kwa takriban shilingi 82,500. Ukigawanya pengo hilo kwa nyongeza hiyo unapata miezi 379. Mstaafu wa miaka 60 atafikisha miaka 91 kabla nyongeza ya kila mwezi haijafidia alichokosa siku ya kwanza, na hapo hatujazingatia kwamba shilingi ya leo ina thamani kubwa kuliko ya miaka 30 ijayo.

Maelezo kwamba fedha zilihamishwa tu kutoka kwenye mkupuo kwenda kwenye malipo ya mwezi hayakuwa kamili, basi. Kigawanyo kilipotoka 540 kwenda 580 na kizidishio kikashuka kutoka 15.5 hadi 12.5, jumla ya mafao yenyewe ilipungua. Wafanyakazi walilihisi hilo hata pale waliposhindwa kulionyesha kwa hesabu.

Je, nyongeza ya mwaka 2024 ilirudisha kilichopotea?

Sehemu tu. Katika bajeti iliyosomwa Juni 2024, serikali ilitangaza kwamba kundi lililoshushwa kutoka asilimia 50 lingepata mkupuo wa asilimia 40, na kundi lililokuwa likipata 25 kabla ya kupandishwa hadi 33 lingepata 35. Kwa mtumishi wa mfano wetu, asilimia 40 ni mkupuo wa shilingi 37,241,379 na pensheni ya shilingi 372,414 kwa mwezi. Mkupuo umepanda, lakini pensheni ya mwezi imeshuka kuliko ilivyokuwa kwenye asilimia 33, kwa sababu kinachogawanywa ni kilekile. Namba 580 na 12.5 hazikuguswa.

Kama masharti ya zamani yalikuwa mazuri, kwa nini yaliondolewa?

Kwa sababu hayakuwa na wa kuyalipia. Chukua mfano uleule na ufanye kana kwamba mshahara haukubadilika: michango ya asilimia 20 kwa miezi 360 ni shilingi milioni 72. Ukitoa mkupuo wa milioni 62, kinachobaki, bila kuhesabu faida ya uwekezaji, kinatosha pensheni ya miezi 30. Kwa kikokotoo cha asilimia 33 kinatosha miezi 99. Kwa kweli mishahara ya mwanzo huwa midogo, kwa hiyo michango halisi ni pungufu ya hiyo, na faida ya uwekezaji ndiyo inayotakiwa kuziba pengo.

Kuna sababu nyingine ya kihistoria ambayo watumishi wana haki ya kuikumbusha. PSPF ilipoanza mwaka 1999 ilirithi watumishi waliokwisha kufanya kazi miaka mingi chini ya utaratibu wa zamani ambao hawakuwa wakichangia, na mfuko ukawalipa pensheni ya miaka hiyo yote kwa michango ya wengine. Hilo lilikuwa deni la Hazina, si matokeo ya ukarimu wa kikokotoo. Desemba 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo taslimu, yaani hati ya deni badala ya fedha, ya takriban shilingi trilioni 2.17 kulipunguza. Ni hatua ya kweli, ingawa kwa mtazamo wangu kubadilisha deni lisilo na tarehe kuwa deni lenye tarehe ni mwanzo wa kulipa, na uzito wake utaonekana hatifungani zitakapoiva.

Si bora nipewe fedha zangu zote kwa mkupuo?

Anayeuliza hivi mara nyingi ana nyumba ya kumalizia au watoto walio chuo, na hesabu yake si ya kipuuzi. Kinachosahaulika ni kwamba pensheni ya kila mwezi ni bima dhidi ya kuishi muda mrefu, na bima hiyo hakuna duka la mtaani linaloiuza kwa bei hiyo.

Hata hivyo bima hiyo ina tundu, nalo ni mfumuko wa bei. Benki Kuu hulenga mfumuko wa kati ya asilimia 3 na 5. Ukiwa asilimia 4 kila mwaka, pensheni ya shilingi 415,862 isiyopandishwa itakuwa, baada ya miaka 15, na uwezo wa kununua wa takriban shilingi 231,000 za leo. Mshahara wa kazini hupandishwa kwa mashinikizo na mazungumzo. Mstaafu hana meza ya mazungumzo. Laiti nguvu iliyotumika kubishania mkupuo ingetumika pia kudai kanuni ya kuiongeza pensheni kulingana na bei, wastaafu wa kesho wangenufaika zaidi.

Nikipoteza kazi kabla ya kustaafu, naweza kuchukua michango yangu?

Zamani kulikuwa na fao la kujitoa. Jaribio la kulifuta mwaka 2012 lilipingwa vikali, hasa migodini ambako mikataba ni mifupi. Mabadiliko ya mwaka 2018 yaliweka fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, na aliyechangia pungufu ya hapo hulipwa kwa mkupuo asilimia 50 ya michango yake mwenyewe.

Uganda ilichagua njia nyingine. Tangu mwaka 2022, mwanachama wa NSSF ya huko mwenye umri wa miaka 45 na zaidi aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake akiwa bado kazini. Jambo hilo ni rahisi kwao kwa sababu kila mwanachama ana salio lake. Katika mfumo wetu wa kikokotoo hakuna salio la kukata kipande.

Nimejiajiri. Je, pensheni inanihusu?

Kisheria ndiyo, NSSF inapokea waliojiajiri. Kiutendaji kuna ugumu wa masharti: ili upate pensheni ya kila mwezi lazima uwe umechangia miezi 180, na kwa mama anayeuza samaki Feri, ambaye kipato chake hupanda na kushuka na upepo wa kaskazi na kusi, miezi 180 inaweza kumaanisha miaka 25.

Majirani wamejaribu njia za kukabili hali hiyo. Kenya ilianzisha mpango wa Mbao mwaka 2011, uliojengwa juu ya wazo la kuweka shilingi 20 za Kenya kwa siku kwa simu. Rwanda ilizindua Ejo Heza Desemba 2018, na huko serikali huongeza fedha yake juu ya ile ya mchangiaji mwenye kipato kidogo. Naona somo la Rwanda ni zito zaidi: simu huondoa usumbufu wa foleni, lakini haimpi mtu sababu ya kuifungia fedha anayoihitaji mwakani, nyongeza ya serikali inampa.

## Masoko ya mitaji

Mifuko ya pensheni huwekeza wapi?

Kwa sehemu kubwa katika hatifungani za serikali, kisha amana za benki, hisa, majengo na miradi. Daraja la Nyerere huko Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lilijengwa kwa fedha ambazo asilimia 60 zilitoka NSSF. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kilijengwa kwa fedha za mifuko. Upo pia mradi wa nyumba wa Dege, Kigamboni, uliosimama ukiwa haujakamilika.

Kosa la kawaida ni kuuliza kama mradi una manufaa kwa taifa. Daraja lina manufaa, hilo halina ubishi. Swali la mwanachama ni kama mradi unarudisha fedha kwa wakati na kwa kiwango kilichoahidiwa, na kama sivyo, nani anafidia. Serikali inapokuwa mwajiri anayechangia, mkopaji mkuu, mtunga kanuni za uwekezaji na mdhamini wa mwisho kwa wakati mmoja, kofia hizo nne haziwezi kukaa kichwa kimoja bila moja kuifunika nyingine. Hapo awali kulikuwa na mamlaka ya pekee ya kusimamia sekta hii. Baada ya kuvunjwa kwake, usimamizi uligawanywa kati ya ofisi ya Waziri Mkuu na Benki Kuu.

Mtu wa kawaida anaweza kununua hatifungani za serikali?

Anaweza, kuanzia shilingi milioni 1. Hufungua akaunti ya dhamana kupitia benki au dalali wa soko la hisa, kisha hushiriki mnada wa Benki Kuu. Mwenye kiasi kidogo hashindani kwa bei. Hupewa kwa wastani wa bei ya walioshindana. Muda ni kati ya miaka 2 na 25, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka.

Kwa nini riba za hatifungani zilishushwa, na nani aliumia?

Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za muda huo ikawa asilimia 12.56. Kwa mwenye shilingi milioni 10, hiyo ni tofauti kati ya shilingi 1,595,000 na 1,256,000 kwa mwaka. Nia ilikuwa kupunguza gharama ya deni la serikali na kuzishawishi benki zikopeshe wananchi badala ya kuketi juu ya karatasi za Hazina.

Mwenye hatifungani ya zamani hakuumia, alinufaika. Soko likikubali faida ya asilimia 12.56, hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya 15.95 inafaa kuuzwa kwa takriban shilingi 126 kwa kila 100. Aliyepata mzigo ni mwekezaji aliyeingia baada ya riba kushushwa, na mfuko wa pensheni uliolazimika kuwekeza michango ya kila mwezi kwa riba ndogo huku namba 580 na 12.5 za kikokotoo zikibaki palepale.

Hisa, vipande au hatifungani: kipi kinafaa?

Inategemea ni lini utaihitaji fedha. Vipande vya UTT AMIS, taasisi ya umma inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja na ambayo mfuko wake wa kwanza wa Umoja ulianza mwaka 2005, vinafaa kwa anayeanza na kiasi kidogo na anayetaka kutoka ndani ya siku chache. Mfuko wa Ukwasi ulibuniwa kwa ajili hiyo. Hisa ni za mwenye subira na moyo mgumu. Hisa ya NMB iliuzwa shilingi 600 mwaka 2008 na ilivuka shilingi 5,000 mwaka 2024. Ya Vodacom Tanzania iliuzwa shilingi 850 mwaka 2017 na baadaye ikauzwa kwa bei ya chini ya hapo. Zote mbili zilikuwa kampuni kubwa zenye majina yanayojulikana.

Kwa nini kampuni chache zimeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam?

Soko lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja, TOL. Wenye kampuni za kifamilia hawapendi kufungua vitabu vyao, na benki huwapa mikopo bila kuwadai uwazi huo. Sheria ya kuzilazimisha kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa ilileta Vodacom sokoni, lakini mauzo yalibidi yafunguliwe kwa wageni baada ya wanunuzi wa ndani kutofikia lengo. Naiona njia ya taasisi zenye mapato ya uhakika kuwa na mwelekeo bora: mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ya kugharamia mradi unaojali mazingira, ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5, ikapata shilingi bilioni 53.12 ilizozihitaji na ziada.

## Hali za pekee

Mwajiri ananikata lakini hapeleki michango. Nifanyeje?

Hifadhi hati za mshahara, angalia taarifa ya michango yako mara kwa mara, na toa taarifa kwa mfuko mapema. Ukirudi kwenye jibu la kikokotoo utaona kwamba miezi ndiyo inayozidishwa. Miezi 24 isiyopelekwa ni pensheni pungufu hadi mwisho wa maisha.

Nimefika miaka 60 na miezi yangu haijafika 180.

Utalipwa mara moja kwa mkupuo, bila pensheni ya kila mwezi. Ukiwa umekaribia, uliza mapema, kabla hujaacha kazi, kama unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari.

Zanzibar ina utaratibu gani?

Ina mfuko wake, ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Juu ya huo, tangu Aprili 2016 kila mkaazi mwenye miaka 70 na zaidi hulipwa Pensheni Jamii, awe aliwahi kuchangia au la. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kiasi ni kidogo, lakini kinamfikia mvuvi na mkulima wa karafuu ambaye hakuna kikokotoo kingemwona.

Sitaki riba. Je, nina pa kuwekeza?

Kwa hiari yako, zipo hisa za kampuni ambazo biashara yake haina shaka kwako, na zimeanza kutolewa sukuk, yaani hati za uwekezaji zinazofuata misingi ya Kiislamu isiyoruhusu riba. KCB Tanzania ilitoa Fursa Sukuk mwaka 2022. Ugumu uko kwenye mchango wa lazima. Mwanachama wa PSSSF au NSSF hachagui mchango wake uwekezwe wapi, na sehemu kubwa, kama ilivyoelezwa, huenda kwenye hatifungani za riba. Ili apewe chaguo, ingebidi mfuko uwe na sehemu ya pili ya hiari yenye salio la kila mtu; bila salio hilo, hakuna fungu linaloweza kutengwa kwa jina lake.